TAA ZA GARI ZILIZOFUBAA: JINSI YA KUZIRUDISHA NYUMBANI, NA KWA NINI DAWA YA MENO HAITOSHI

Leo siasa na mpira naviweka pembeni kidogo. Kuna swali naulizwa karibu kila siku kijiweni kwetu Mbezi Luis tangu watu wajue kwamba nasafisha taa za magari: hizi taa za mbele zinazofubaa na kuwa njano kama chai ya rangi, zinarudije kuwa nyeupe? Na kwa nini ukizisugua leo, mwezi ujao zimerudi kule kule?

Badala ya kumjibu kila mtu peke yake nimeona niweke kila kitu hapa, mtu achukue. Kama dakika zako za kafe zinakaribia kuisha, nenda moja kwa moja kwenye hatua kule chini, au mwambie mhudumu akutolee kopi. Lakini hata kama husomi mengine, ondoka na hili: ule unjano siyo uchafu. Ni ngozi ya taa imekufa. Ukiitoa bila kuivisha taa ngozi mpya, umeiacha uchi, na jua la Dar litaimaliza haraka kuliko mwanzo.

Hilo nimejifunza kwa gharama. Na aliyelipa gharama hiyo siyo mimi niliyekosea.

YALIYONIKUTA

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa mtaani, baadaye nikaanza kuosha magari. Baba mdogo ana Toyota IST anayobebea abiria, hasa wale wanaoshuka usiku Stendi ya Magufuli. Kama mnavyojua, stendi ile ilizinduliwa Februari 2021, na mwaka 2023 mabasi ya mikoani yakaruhusiwa tena kutembea usiku kucha. Kwa hiyo siku hizi kuna abiria wa saa nane za usiku, tena na mizigo, na wengi hawakai barabarani. Wanakaa ndani huko Makabe, Msakuzi, Mpiji Magohe. Ukishaiacha Morogoro Road na taa zake, unabaki wewe na taa za gari lako.

Taa za ile IST zilikuwa zimefubaa. Nikamwambia, "Baba mdogo, nipe elfu tano nizing'arishe." Nikachukua dawa ya meno na kitambaa, nikasugua kama nusu saa. Zikang'aa kweli. Mzee akafurahi, na mimi siku ile ile nikapata wateja wengine watatu. Nikajiona fundi.

Haikupita muda zikarudi, tena vibaya zaidi. Sasa tatizo ni kwamba mtu anayeendesha gari lake kila siku haoni mabadiliko ya polepole. Macho yanazoea. Alfajiri moja, saa kumi hivi, baba mdogo anatoka kumshusha abiria Makabe, mvua inanyonya, mbele yake kuna kijana anasukuma mkokoteni wa nyanya kwenda sokoni. Hakumwona mpaka amemfikia. Akakata usukani, kioo cha pembeni kikagonga mkokoteni, matenga yakamwagika, yule kijana akaanguka akachubuka goti na kiwiko. Mungu alisaidia ikaishia hapo.

Baba mdogo alilipa nyanya na matibabu. Aliponipigia simu hakunigombeza. Alisema tu, "Njoo uone taa zako." Nikaenda. Tukaziwasha mbele ya ukuta wa nyumba. Mwanga ulikuwa kama wa koroboi.

Tangu siku hiyo nikaanza kuuliza mafundi rangi, kusoma na kujaribu kwenye taa mbovu za kuokota gereji. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

KWA NINI TAA ZINAFUBAA

Magari ya zamani yalikuwa na taa za kioo halisi. Waulizeni wazee wenye Peugeot 504 au Land Rover za enzi zile: taa ile inaweza kupasuka kwa jiwe, lakini haiwi njano. Marekani kwa miaka mingi sheria ililazimisha taa za kioo zilizofungwa kabisa. Mwaka 1983 sheria ikalegezwa, na Lincoln Continental Mark VII ya mwaka 1984 ikawa gari la kwanza kule kutoka na taa za umbo lake lenyewe zenye balbu ya kubadilisha. Baada ya hapo viwanda vingi vikahamia kwenye plastiki.

Plastiki yenyewe inaitwa polikaboneti. Iligunduliwa mwaka 1953 na Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer ya Ujerumani, na karibu wakati huo huo Daniel Fox wa General Electric ya Marekani akaipata kivyake. Ni nyepesi, haivunjiki ovyo, na unaweza kuifinyanga umbo lolote. Ndiyo maana taa za siku hizi zina mikunjo mpaka kwenye boneti.

Ila ina udhaifu wa aina mbili. Kwanza inachubuka kirahisi kwa mchanga na vijiwe. Pili haivumilii miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho ambayo pia ndiyo inababua ngozi ya binadamu. Ikipigwa na miale hiyo muda mrefu, plastiki inaanza kuvunjika kikemia juu juu na kugeuka njano.

Kiwanda kinalijua hilo. Kwa hiyo kila taa inapakwa tabaka jembamba sana, gumu na angavu, lenye dawa ya kuzuia miale hiyo. Hiyo ndiyo ninayoiita ngozi ya taa. Ikiwa nzima, plastiki iko salama. Lakini haidumu milele. Jua, vumbi, joto la balbu na sabuni kali vinaila taratibu, inaanza kupasuka vipande visivyoonekana, inapauka, halafu inabanduka. Baada ya hapo jua linapiga plastiki yenyewe.

Sasa angalia hali yetu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa Ikweta. Jua letu linakaa juu ya kichwa mwaka mzima. Gari linashinda nje, pembeni kuna vumbi la barabara ya udongo. Na magari yetu mengi ni ya mtumba kutoka Japani. IST za toleo la kwanza, ambazo mtaani ndizo nyingi, zilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007. Maana yake hata ile ya mwisho kabisa imepita miaka 18. Ngozi ya taa zake, kama hazijawahi kubadilishwa, imeshafanya kazi yake ikachoka.

MWANGA UNAPOTEA KIASI GANI

Watu wengi wanadhani taa iliyofubaa ni tatizo la urembo. Siyo. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa za magari yenye umri wa kama miaka 11. Zile zilizofubaa zilitoa karibu asilimia 20 tu ya mwanga unaotolewa na taa mpya. Yaani sehemu moja kati ya tano. Zilipong'arishwa vizuri zilirudi mpaka karibu asilimia 70. Taa mpya za kiwanda ndizo zilirudisha mwanga wote.

Zingatia hizo namba mbili. Kung'arisha hakurudishi taa kuwa mpya, lakini kutoka 20 kwenda 70 ni tofauti kubwa sana kwa mtu anayetembea kwa miguu mbele yako.

Tupige hesabu ndogo. Ukiwa spidi 60, kila sekunde gari linakula karibu mita 17. Sekunde moja ya kushtuka, halafu breki, mpaka gari lisimame kabisa kwenye lami kavu unahitaji mita kama 40. Barabara ikiwa na maji unahitaji zaidi. Kama taa zako zinakuonyesha mita 20 tu mbele, maana yake unaendesha kwa kubahatisha.

Na mwanga uliopotea haufi. Unatawanyika. Kioo chenye ukungu kinatupa mwanga juu na pembeni, kwa hiyo wewe huoni, na anayekuja mbele yako anamulikwa machoni. Wote wawili mnakuwa vipofu.

Japani gari likienda kukaguliwa, taa inapimwa kwa mashine. Kipimo cha taa ya chini ni kandela 6,400 kwa kila taa, ikipungua unarudishwa. Kwetu wengi tunaridhika ikiwaka tu.

PIMA KWANZA KABLA YA KUSUGUA

Usikimbilie msasa. Taa inaweza kuwa hafifu kwa sababu nyingine kabisa.

Kipimo cha maji. Mwaga maji kwenye kioo cha taa ukiwa mchana, uangalie wakati bado kimelowa. Kama kinakuwa angavu kwa muda kisha kinafubaa tena kikikauka, ugonjwa uko juu, na hii kazi itakufaa. Maji yanakuwa yameziba ile mikwaruzo kwa muda. Kama hakibadiliki kabisa hata kikiwa kimelowa, shida huenda iko ndani.

Angalia ndani. Ukiona matone au mvuke ndani ya taa, kuna mahali maji yanaingia. Hata usugue nje mpaka kesho, mvuke hautoki. Hapo ni kukausha taa na kuziba mahali panapovuja.

Angalia ile sehemu ya ndani ya rangi ya fedha inayorudisha mwanga mbele. Ikiwa imebabuka au imeungua, kung'arisha nje hakutasaidia.

Angalia nyufa. Kuna nyufa nyembamba kama utando wa buibui ambazo zimeingia ndani ya plastiki. Pitisha ukucha juu. Kama husikii kitu na nyufa unaziona, ziko ndani. Hizo hazitoki kwa msasa.

Angalia umeme. Balbu ya zamani, waya wa athi uliopata kutu au betri iliyochoka vyote vinapunguza mwanga. Kama taa moja ni nyeupe na nyingine ni nyekundu nyekundu wakati vioo vyote viko sawa, muone fundi umeme kwanza.

VIFAA

Msasa wa maji namba 800, 1000, 1500, 2000 na 3000. Namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali. Nunua ule wa maji, siyo wa mbao.

Tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi.

Ndoo ya maji safi yenye matone machache ya sabuni ya kuoshea gari, na chupa ya kupulizia maji.

Vitambaa laini vitatu au vinne visivyo na mchanga.

Spiriti ile ya kusafishia kidonda.

Kompaundi ya kung'arishia rangi ya gari.

Kitu cha kuvisha taa: ama klia yenye kinga ya jua, ama nta ya gari yenye kinga ya jua. Hiki ndicho watu wanakiruka ili kuokoa hela. Kama huna hela ya hiki, usianze kazi. Subiri mwisho wa mwezi.

HATUA ZA KAZI

1. Egesha kivulini, zima taa, acha zipoe. Osha taa na eneo lote la karibu kwa sabuni na maji. Punje moja ya mchanga ikibaki chini ya msasa itakuchorea mstari ambao hautausahau.

2. Bandika tepu kuzunguka taa yote, kwenye bampa, boneti na fenda. Weka matabaka mawili au matatu. Msasa ukigusa rangi ya gari mara moja tu, umeshaongeza gharama nyingine.

3. Loweka misasa kwenye maji dakika kama 10 ili ilainike.

4. Anza na 1000. Kama ngozi ya zamani inabanduka kwa mabaka, anza na 800. Sugua ukienda kulia na kushoto kwa mistari iliyonyooka, usizungushe. Puliza maji kila wakati, taa isikauke hata kidogo. Mwanzoni maji yanatoka ya njano au kama maziwa machafu. Hiyo ndiyo ngozi iliyokufa inatoka. Endelea mpaka maji yatoke meupe na taa yote iwe na ufifi unaofanana kila mahali. Kama kuna sehemu inateleza na nyingine inakwaruza, ngozi ya zamani bado ipo. Usiende mbele.

5. Suuza, futa, badilisha maji ya ndoo. Chukua 1500, sasa sugua juu na chini. Hii ni mbinu ya mafundi rangi: ukibadilisha upande, unaona kirahisi kama mikwaruzo ya msasa uliotangulia imeisha.

Hapa njia zinagawanyika mara mbili.

NJIA YA KLIA

Kama utapuliza klia, ishia kwenye 1500. Usipige kompaundi. Taa itaonekana mbaya, nyeupe nyeupe kama kioo cha bafuni, na mwenye gari anaweza kukuhamaki. Mwambie atulie. Klia inahitaji sehemu yenye mikwaruzo midogo ili ishike, na yenyewe ndiyo inajaza mikwaruzo hiyo. Ikipulizwa juu ya kitu kilichong'arishwa itabanduka.

Futa kwa spiriti, acha ikauke kabisa, usiguse tena kwa vidole. Puliza safu ya kwanza nyepesi sana, kama ukungu. Subiri dakika kama 10. Puliza ya pili, halafu ya tatu, ukipitisha kwa mwendo mmoja bila kusimama mahali pamoja, la sivyo itachuruzika. Chagua siku isiyo na upepo wala mvua. Acha gari mahali pakavu kwa saa 24 kabla ya kuligusa.

Kuna klia ya kopo ya kawaida, na kuna ile inayochanganywa na hadena. Ya hadena inadumu zaidi sana, lakini mvuke wake ni hatari kwa mapafu. Una kemikali ziitwazo isosayaneti ambazo zinaweza kukuachia pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haizuii. Ushauri wangu: sugua mwenyewe nyumbani, halafu peleka kwa fundi rangi mwenye barakoa ya kazi akupulizie. Mimi ndivyo nafanya. Nasugua vizuri, namlipa yeye kupuliza tu, gharama inapungua.

NJIA YA NTA

Kama huna klia, endelea kusugua. Baada ya 1500 nenda 2000 ukirudi kulia na kushoto, kisha 3000 juu na chini. Suuza na ukaushe. Weka kompaundi kidogo kwenye kitambaa, sugua kwa mzunguko kwa dakika 10 hadi 15 kila taa mpaka ing'ae. Ukitumia drili yenye sponji, weka spidi ndogo na usisimame sehemu moja, plastiki inaungua kwa joto la msuguano.

Futa, kisha paka nta yenye kinga ya jua, iache ikauke, ifute. Nta haidumu kama klia. Inabidi uirudie kila mwezi, na mvua zikiwa nyingi mapema zaidi. Andika tarehe kwenye kalenda au kwenye simu. Ukisahau miezi mitatu, utaanza upya, na kila ukianza upya unapunguza unene wa plastiki.

MAMBO AMBAYO MTAANI WANAFANYA NA SIYO SAHIHI

Dawa ya meno. Haidanganyi kabisa. Ina chembe ndogo za kusugulia, kwa hiyo inang'arisha juu juu. Lakini haitoi ngozi yote iliyokufa, na haiachi kinga yoyote. Kama una harusi Jumamosi na gari linahitajika kwenye picha, sawa. Kwa kuendesha usiku, hapana.

Petroli, thina na mafuta ya breki. Vinafanya taa ing'ae dakika ile ile, halafu vinaitafuna plastiki na kuleta zile nyufa za utando wa buibui ambazo hazitibiki. Ukiona mtu anamimina thina kwenye kitambaa karibu na taa yako, mshike mkono.

Dawa ya kufukuza mbu ya kujipaka. Nyingi zina kemikali inayoitwa DEET ambayo inayeyusha plastiki. Inaonekana imesafisha, kumbe imeyeyusha sehemu ya juu.

Stilwaya ya sufuria. Sihitaji kueleza.

Kuongeza nguvu ya balbu. Balbu ya kawaida ya H4 ni wati 55 kwa taa ya chini na 60 kwa fulu. Kuna wanaoweka za wati 100 ili kushindana na ukungu wa kioo. Joto linaunguza soketi, waya na plastiki kwa ndani, na anayekuja mbele unampofusha. Safisha kioo kwanza.

NAMBA ZILIZOCHORWA KWENYE TAA

Hili ni letu wenyewe. Kwa sababu ya wizi wa taa na vioo vya pembeni, watu wengi Dar wanachora namba za gari kwenye vioo na kwenye taa. Ukisugua kwa msasa, mchoro wa juu juu utafutika, na uliochorwa kwa kina utabaki lakini utakuwa hauna ngozi. Mwulize mwenye gari kwanza. Akitaka kuchora upya, achore kabla ya klia, ili klia ipite juu ya mchoro na kuuziba. Akichora baada ya klia, anatoboa ngozi mpya, na unjano utaanzia hapo hapo kwenye namba.

BAADA YA KUMALIZA: ZIPANGE

Taa iliyopata nguvu mpya inaweza kummulika mwenzako machoni kama imeelekea juu. Egesha gari mahali pa tambarare, mbele ya ukuta, umbali wa mita kama 8, washa taa za chini. Pale mwanga unapokatika panatakiwa pawe chini kidogo ya urefu wa taa yenyewe kutoka ardhini, na upande wa kushoto mwanga upande kidogo, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto na pembeni kushoto ndipo walipo waenda kwa miguu. Magari ya Japani yametengenezwa hivyo. Gari lililotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia, mwanga wake unapanda upande wa kulia, yaani machoni kwa anayekuja. Hilo ni la kubadilisha taa, siyo la msasa.

LINI UACHE KUSUGUA NA UNUNUE NYINGINE

Kama kuna nyufa za ndani, kama sehemu ya fedha imeungua, kama maji yanaingia na taa imepasuka, au kama imeshasuguliwa mara nyingi mpaka kioo kimekuwa chembamba, tafuta nyingine. Ukienda Gerezani au Ilala kutafuta za mtumba, iangalie kwenye mwanga wa jua, ndani na nje, na uangalie kama kuna namba za gari zilizofutwa. Taa yenye namba iliyofutwa ina mwenyewe anayeitafuta. Ukiinunua, kesho na wewe taa zako zitaondoka, maana soko umelijenga mwenyewe.

Na wale wanaosema "mimi siendeshi usiku," kumbukeni mvua za masika. Saa kumi na moja jioni linaweza kuwa giza Kibamba nzima.

KUTUNZA

Egesha kivulini unapoweza, au elekeza pua ya gari mbali na jua la mchana. Osha taa kwa sabuni ya gari, siyo sabuni ya unga. Toa vumbi kwa maji kabla ya kufuta, usifute vumbi kavu. Halafu kila baada ya mwezi mmoja washa taa mbele ya ukuta ule ule, usimame umbali ule ule, ulinganishe. Ukuta hauzoei kama macho yanavyozoea.

MWISHO

Taa za baba mdogo nilizirudia. Safari hii ilinichukua siku nzima badala ya nusu saa, na fundi rangi akapuliza klia ya hadena. Mpaka sasa ni nyeupe. Yule kijana wa mkokoteni bado tunakutana naye alfajiri, na mkokoteni wake sasa una karatasi ya kung'aa nyuma ambayo baba mdogo alimnunulia.

Wale wateja wangu watatu wa siku ya dawa ya meno, wawili nimewapata na nimewafanyia upya bila hela. Wa tatu sijampata. Alikuja na Vitz ya bluu, alikuwa na haraka, anakwenda Goba, na aliniambia taa zimetoka kama mpya. Kaka, kama unasoma hapa, au kuna mtu anakufahamu: hazikuwa mpya. Njoo kijiweni Mbezi Luis uulizie kijana wa taa, nitakufanyia bure na elfu tano yako nakurudishia. Mpaka hapo tafadhali usiendeshe usiku.

Mwenye uzoefu mwingine aongeze hapo chini, hasa mafundi rangi. Nilipokosea nisahihisheni. Nawasilisha.